Uzito wa Neno katika Ghala la Kasongo

Mpendwa Mama Zuhura,

Kosa wanalofanya wengi wakisoma maneno yaliyoandikwa kwenye masanduku ya Mbelgiji wa ghala ni kuyasoma kama ya kwetu. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiholanzi chake huunga maneno mawili yakawa moja. Lazima ukate pale yalipoungana, na uzito uuweke juu ya lile la kwanza. Mafuta ya taa ni *lampolie*: LAMP, ndiyo taa, kisha o-lie, ndiyo mafuta. Mabruki, niliyepewa nimfundishe ashike nafasi yangu, alikuwa akisoma lam-PO-lie, na taa yenyewe haisikiki tena.

Nakueleza haya kwa sababu uliniuliza, kwa mdomo wa mchukuzi, ni kazi gani hii isiyoisha. Mpunga umeiva, nanyi hamkati mpaka mimi niusomee Fatiha.

Unakumbuka ulivyotwanga na dada yako uani, pale Kabambare? Mchi wako ulishuka mzito, wake ukafuata mwepesi. Nikaanza kuwaeleza mwendo wenu. Ukasema, "Baba Zuhura, hata kinu unakifundisha? Njoo utwange, basi." Nikatwanga, mkacheka mpaka mchele ukamwagika. Kwa mwendo ule ule nilimfundisha Mabruki, nikigonga sanduku, nzito, nyepesi, kwa miezi miwili. Bwana wa ghala alikuwa ameniahidi: "Huyu mutu akijua, wewe iko huru kwenda."

Juzi Mabruki alisoma masanduku yote, ya sabuni, ya misumari, ya mafuta, bila kukosea. Mkeka wangu nilikwisha kuufunga. Bwana akatabasamu.

"Muzuri, mwalimu. Sasa niko na wasomaji wawili."

Tulipotoka nje Mabruki hakuweza kunitazama. "Unisamehe, mwalimu," akasema. "Ningejua, ningeendelea kukosea."

Kituo hiki hakina ukuta mrefu, lakini askari wa kivukoni wote wanaijua sura yangu. Nakaa kati ya masanduku tangu asubuhi, na kila ninachokifundisha kinanizidishia siku hapa. Sitaki tena kukuambia nakuja.

Ndege wameshaingia shambani, najua. Leo nenda, usome Fatiha wewe mwenyewe, ukate suke la kwanza.

Mume wako,
Baba Zuhura