Alama Mbili za Moyo wa Samaki

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shangazi yako amehamia Kamanga; hapa Mirongo nimebaki na redio.

Unauliza tulisahihishaje mitihani bila upendeleo. Miaka ya tisini, kwenye Baiolojia ya kidato cha sita, kwanza sote tulisahihisha nakala za karatasi ya mtahiniwa mmoja, ili tulinganishe alama. Swali lilihusu moyo wa samaki. Wenzangu walitoa mbili. Mimi nilitoa tano, maana nilihisi kijana huyo amepasua sato wengi kwao. Kiongozi wetu akasema, "Mwalimu, umesahihisha alichotaka kusema. Sahihisha alichoandika." Nikafuta, nikaweka mbili.

Barua yako ina mistari minne: shikamoo, hujambo, kazi nyingi, na swali hilo. Kwako kanuni ile imenishinda. Naisoma tena na tena, nikitafuta ulichotaka kusema.

Babu yako