Babu Saba Niliojivunia kwa Bi Odessa

Zamzam, niko kwenye gari hapa mjini Richfield, nimeaibika hata kuendesha siwezi.

Bi Odessa, yule ajuza Mmarekani mweusi ninayemhudumia, alikuwa ananionyesha ukoo wake: Virginia, Kentucky, hadi Saint Paul. Kabla ya mwaka 1850, hakuna kitu.

Nikamwambia, "Sisi kwetu kila mtoto anawajua babu zake saba."

Nilisema hivyo. Tena nikicheka.

Akanipa karatasi, nakala ya orodha ya watumwa ya mwaka huo wa 1850. "Nisomee."

Nikasoma: mwanamke, mweusi, miaka thelathini. Jina lililoandikwa ni la bwana aliyemmiliki.

"Huyo mwanamke ni nyanya wa nyanya yangu," akasema. "Haya, nitajie babu zako saba."

Zamzam, nilikwama kwa wa tatu.

Hakunicheka. Akaniambia taratibu, "Wewe bado una wa kumpigia simu umuulize."