Ukoko wa Kuku Wangu

Jumapili, Bagamoyo. Mvua imepita alfajiri, sasa ni mawingu tu na joto la kunata. Tangu jana mchana kuna kitu kimenikaa, na si chakula. Ni kinyaa. Nimeswali, nimeleta istighfari, bado kipo pale pale, kama kitu nilichomeza bila kutafuna.

Nakuandikia wewe, blogu yangu, kwa sababu wewe hunikatizi.

Tulitoka Morogoro Ijumaa baada ya swala, mimi, Baba Zuhura, na Zuhura mwenyewe ambaye mwaka huu yuko kidato cha tatu. Msata tulisimama kununua machungwa. Nilikuwa na furaha ya kitoto, acha nikwambie. Wenzangu niliosoma nao ualimu, ule wetu wa cheti, walikuwa wamepanga tukutane Jumamosi kwenye hoteli moja ya ufukweni, kila mtu na familia yake. Fulana za sare zilishachapwa. Wiki nzima nilikuwa nafundisha darasa la pili huku akili iko huku.

Tulifikia kwa mamdogo Mwanaidi, mdogo wake marehemu mama. Mimi nimezaliwa Miono, lakini mama alipofariki huyu ndiye aliyenichukua akanileta hapa mjini akanilea. Na kuna jambo sijawahi kuliandika hata hapa: mamdogo alikuwa mpishi wa chuo chetu.

Nilipopata nafasi pale, yeye mwenyewe alinionya, "Usiwaambie wenzako, wasije wakasema nakupendelea." Alisema kwa kunihurumia. Mimi nikaipokea ruhusa ile kwa mikono miwili, maana nilikuwa naona haya. Wenzangu wana baba makarani, mama wauguzi. Wa kwangu ananuka moshi. Basi nikawa napita pale dirishani na sahani yangu, namwamkia shikamoo kama wote, anaitikia marahaba mwanangu kama kwa wote.

Siku za wali alikuwa anabandua ukoko wa chini ya sufuria na kuufunga kwenye jani la mgomba. Wapishi wenzake wakimuuliza, anasema ni wa kuku wake nyumbani. Wanafunzi wakasikia. Wakampa jina, Bi Ukoko. Wakasema anaunguza wali makusudi ili apate cha kubeba.

Hakuwa na kuku.

Ukoko ule nilikuwa naula mimi, jioni, nyuma ya banda la kuni la chuo. Nilikuwa na njaa zile za usichana, chakula cha chuo hakinitoshi, na yeye alijua.

Haya. Jana asubuhi natoka kuoga, namkuta mamdogo amekaa kibarazani, amejifunga doti mpya ya kanga niliyomletea Idi, miguu ameipaka mafuta, na magoti yake yale yaliyovimba. Akauliza kama na yeye aje, akawaone wanawe wa chuo. Akaanza kunitajia mmoja mmoja. Yule mrefu wa Lugoba, yuko wapi? Na Kibwana, vidonda vya tumbo vilipona? Kibwana alikuwa hawezi maharage, na mamdogo alikuwa anamchemshia uji wa mchele peke yake kwenye kisufuria kidogo, mwaka mzima, bila mtu kumwagiza.

Nikamwambia wamesema wenza na watoto tu.

Zuhura alikuwa pale anafunga viatu. Akainua kichwa, akanitazama, akarudi kwenye viatu vyake.

Huko hotelini tulianza vizuri. Tulisoma dua kwa wenzetu waliotangulia, wengine tukalia. Amina haijakauka mdomoni, naona watu wanapitishiana chupa zimeviringishwa gazeti. Sahani za pilau zinaachwa nusu, mtu anazima sigara kwenye nyama. Watu wazima, walimu. Nikasema moyoni, Tatu, tazama mbele, si shughuli yako.

Kisha Kibwana, ambaye siku hizi ni mwalimu mkuu na ndiye aliyekuwa mshereheshaji, akaazima kanga kwa mkewe akajifunga kiunoni, akapachika mto wa kiti kwa nyuma, akatoka na sufuria na mwiko. Hata hajasema neno watu wameshaanguka vicheko. Akawa anachechemea, anakwangua, ana sauti ile ile ya mamdogo, ya upole, ameikunja ikawa ya kijinga. "Asiguse mtu, huu ukoko wa kuku wangu." Simu zote juu zinarekodi.

Nilicheka.

Na si hivyo tu. Lau ingekuwa hivyo tu nisingekuwa naandika. Kibwana alinisogezea kipaza sauti, "Mwalimu Tatu, unamkumbuka Bi Ukoko?" Nami, kwa mdomo huu niliosomea dua muda si mrefu, nikajibu, "Nani atamsahau? Alitupunja yule."

Walipiga meza kwa kucheka. Baba Zuhura alikohoa akatazama chini. Asubuhi ile ile alikuwa amekunywa chai ya huyo anayechekwa. Zuhura aliweka kijiko, akaisukuma sahani. Hakula tena kitu chochote mpaka tunaondoka.

Nilikuwa nimewachukia wale wa chupa na wale wa sigara. Nikaona kumbe uchafu mkubwa pale mezani umetoka kwangu. Wao walikuwa hawajui. Kibwana hakujua ukoko ulikuwa unakwenda wapi. Mimi nilijua, nilikuwa na ladha yake ulimini.

Tulirudi baada ya Alasiri. Mamdogo alikuwa bado kibarazani, bado na doti yake. Akatuitikia salamu, akasubiri tukae, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Walinikumbuka?"

"Walikukumbuka sana, mamdogo."

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani wameshanisahau."

Zuhura akainuka akaingia ndani.

Mamdogo akafunua kawa. Alikuwa amepika wali wa nazi, na pembeni ameweka kisahani cha ukoko, mkavu, umeiva rangi ya asali. Akanisogezea. "Kula, kuku wangu." Ndivyo alivyokuwa akiniita tangu enzi zile, tukiwa wawili tu. Nilikuwa nimesahau, wallahi. Au nilijisahaulisha.

Nilikula. Ungenitoka puani ningesema haki yangu.

Leo alfajiri tunatawadha, Zuhura akaniuliza swali moja, na hakulisema kwa hasira. "Mama, na mimi nikienda chuo, watu wakiniuliza, niseme wewe ni nani?"

Nikaendelea kuosha miguu ambayo ilishatakata.

Madrasa tulifundishwa tangu wadogo, kumpa mtu lakabu ya kumdhalilisha ni dhambi. Nikawa nadhani mradi si mimi niliyelitunga lile jina, basi. Sasa video ya Kibwana imejaa kwenye grupu letu, na sauti yangu imo, na chini yake vikatuni vya kucheka havina idadi. Bagamoyo ni ndogo. Jirani mmoja tu, mwenye mtoto mmoja mwenye simu, inatosha. Mamdogo ataisikia sauti yangu kabla sijamwambia mwenyewe.

Hapana. Bora aisikie kwangu.

Na nyie wa grupu, najua baadhi yenu mnapita humu, na asiyepita nitamtumia mwenyewe nikimaliza. Anaitwa Mwanaidi. Ni mama yangu mdogo, ndiye aliyenilea. Hakuiba ukoko wa mtu. Kibwana, ule uji wako wa mchele alikuwa anakupikia yeye. Na kuku mwenyewe ni mimi.

Naisikia birika inawekwa mezani. Ananiita nikanywe chai kabla haijapoa, na Zuhura yuko naye, wanacheka kitu. Nitamwomba Zuhura abaki, asikie yote. Sijui mamdogo atanitazamaje, wala sijui kama nitaweza kufika mwisho. Ila najua pa kuanzia. Nitaanzia pale aliponiuliza kama aje, nikamwambia hapana.