Kiti cha Dirishani

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, nikiamini barua hii itawakuta salama. Yule wa mwisho ameshaacha kuuma wenzake? Huku baridi imekatika, miti ya nyuma ya nyumba imeanza kuchipua, na kile kifua changu unachokijua kimeniachia kidogo. Ilitakiwa hapa niseme sote hatujambo, lakini nikisema hivyo nitakuwa nimekudanganya, na kudanganya nimechoka nako.

Katika barua yako umelalamika kwamba siku hizi salamu za Mama zinakuja kwa mwandiko wangu, ukauliza kwa utani tangu lini Mama akawa na karani. Dada, Mama haoni. Jicho la kulia limezimika kabisa, la kushoto limebakiwa na mwanga mdogo tu, na huo mwanga ndio unaonifanya nikuandikie kwa haraka. Kaa kitako nikueleze jinsi watu walivyojua.

Unaikumbuka sherehe ya karakana ya ushonaji tunakofanya kazi mimi na Mama, kila baridi inapokwisha. Cherehani zinafungwa mchana mmoja, tunatoka kwenye uwanja wa nyasi, na watu wazima na ndevu zao wanacheza kama watoto. Mwaka huu ilikuwa Jumamosi iliyopita. Tulianza na mbio za magunia, msimamizi wetu na kitambi chake akaanguka hatua ya pili, akalala palepale akidai anapumzika. Kwenye kuvuta kamba, sisi wapiga pasi tuliburutwa na wanawake wa vifungo mpaka tukachafuka matope, na hadi leo hatuna raha kazini. Nilicheka na wenzangu, lakini macho yangu yalikuwa kwa Mama. Alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, akicheka kila wenzake wanapocheka, ila yeye akichelewa kidogo.

Mchezo wa mwisho ndio unaogombewa, kufuata sauti. Mmoja anafungwa kitambaa machoni, mwenzake anasimama mbali na kumwongoza kwa maneno tu, apite katikati ya ndoo na viti bila kugusa kitu, mpaka afike kwenye kengele. Zawadi yake si kikombe. Mshindi anahamia kiti cha dirishani kwa mwaka mzima. Unajua taa zetu za mle ndani zilivyo hafifu, na watu wamenuniana miezi kwa sababu ya kile kiti.

Yule mshona vifungo mwenye mdomo akamchokoza Mama kwamba amekata vitambaa miaka ishirini na tano na hajawahi kujaribu hata mara moja, anaogopa nini. Mama akasema sawa, atacheza, ila aongozwe na mimi. Nilitaka kukataa. Nikaona nikikataa wataniuliza sababu.

Wenzake wote walikuwa wametembea kwa kunyata, mikono mbele, wakipiga yowe kila nyasi ikiwagusa mguu. Mama alitembea kama anayekwenda jikoni kwake. Nikisema hatua mbili kushoto, anakwenda mbili. Nikisema simama, anasimama. Nyumbani ndivyo tunavyoishi, dada, mwezi wa ngapi sasa: hapo kizingiti, beseni liko mguuni, kikombe kiko mkono wa kulia. Aliipiga kengele watu wakiwa bado wanashangaa, na uwanja mzima ukapiga vigelegele.

Msimamizi akaja na utepe mwekundu wa mshindi, akaunyoosha mbele yake bila kusema neno. Mama akafungua kitambaa, akakikunja vizuri, kisha akabaki amesimama. Utepe hakuupokea. Akaniita, akaniuliza sasa aende wapi. Watu wakaangua kicheko, wakidhani anaigiza, na mshona vifungo akamwambia mchezo umekwisha, aache visa. Mama akageukia ile sauti, akampita msimamizi na utepe wake, akajikwaa kwenye ndoo, akaanguka. Hapo ndipo kicheko kikakatika.

Alijizoa mwenyewe, akawaambia kwamba ni kweli haoni, na wasimlaumu mtu, maana ni yeye aliyeniomba nisiseme, asije akaondolewa kwenye meza yake ya kukatia. Akawaeleza jinsi ninavyomchomekea pini kwenye vitambaa badala ya kuchora chaki, afuate kwa vidole. Akasema mwanawe huyu hajawahi kumpeleka pabaya hata hatua moja. Mshona vifungo alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Mimi sikuweza kumtazama mtu usoni.

Jumatatu nikampeleka hospitali. Daktari akafungua faili lake, akauliza kwa nini hatukuja mwaka jana tulipoitwa. Mama akamjibu kwamba tuliandikiwa dawa ya matone tu, na ameitumia bila kukosa hata siku moja. Daktari akanitazama. Nikamwomba tuzungumze nje.

Dada, nisikilize. Barua ya hospitali ilifika mwaka jana wakati kama huu. Ilisema Mama ana presha ya macho, afanyiwe upasuaji ndani ya wiki sita, la sivyo atapofuka, na kitakachopotea hakitarudi. Wakati ule alikuwa bado anakata nguo vizuri, ila maandishi madogo yalishamshinda, akanipa nimsomee. Nilipofika kwenye neno upasuaji nilimwona Baba. Unakumbuka alivyoingia kwenye chumba kile akitutania, na alivyotolewa amefunikwa shuka. Nikaogopa. Nikamsomea Mama kwamba aendelee na matone, na arudi hali ikibadilika. Nilijiambia nitamweleza kesho yake. Wiki zikapita, na kila iliyopita ilizidi kunifunga mdomo. Barua iko chini ya godoro langu mpaka leo. Siku aliyoanza kupapasa kuta, nikaanza kuchomeka pini. Siri aliyoniomba nimtunzie ilinifaa mimi kuliko ilivyomfaa yeye.

Daktari anasema kile kidogo kilichobaki katika jicho la kushoto huenda kikaokolewa, akipasuliwa Alhamisi ijayo. Mama amesema atafikiri. Sasa ameketi mbele yangu, anasubiri nimsomee barua hii kabla sijaifunga, kama tunavyofanya kila mara ninapokuandikia. Nitamsomea yote.

Nimemsomea. Hakulia wala hakunifokea. Aliuliza kama hayo ndiyo yote yaliyoandikwa. Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Halafu akasema upasuaji ameukubali, lakini karatasi ya kutia sahihi utakuja kumsomea wewe. Na barua hii uje nayo, umsomee upya.

Sasa hivi ameinuka kwenda jikoni. Nimemwambia kuna kigoda mbele yake. Amesimama, akainama, akapapasa kwanza kwa mkono kuhakikisha kama kweli kipo.

Njoo kabla ya Alhamisi, nakuomba. Msalimie sana shemeji, na watoto uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Ukifika, unigombeze mbele ya Mama, usiniite pembeni.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho,
mpiga pasi.