Kisanduku Kilichoandikwa Mama

3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, presha imetulia na miguu haijaanza tena kuvimba. Mimi na mkweo hatujambo, isipokuwa roho yangu imechafuka, na kwa kuwa hutaki kuongea kwenye simu kwa sababu ya masikio ya majirani, nakuandikia yote.

Huu ni mwezi wa nne tangu tuoane, na karatasi zangu za ukaazi bado zinazunguka ofisini kwao. Juzi walituita kwenye mahojiano ili wajue kama ndoa yetu ni ya kweli. Mhojaji ni bwana mmoja mwenye suti safi, na muda wote alikuwa anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. Ananiuliza mume wangu analala upande gani wa kitanda, huku anachokonoa. Ananiuliza chupi zake ni za rangi gani, anachokonoa, anakitazama kifuniko, anakirudisha kwenye kalamu. Mwisho akanipa kalamu ileile nitie saini. Nimetia, Mama, nimeishika kwa vidole viwili, na nilipofika nyumbani nimenawa mpaka mume wangu fundi akauliza kama nimeshika maiti.

Sasa kuna hili la bima. Huku bila bima ya afya hospitali hawakutazami hata usoni. Kile kiwanda anakotengeneza mafriji kimemkatia fundi bima, na mke anaweza kuingizwa hata kabla hajapata ukaazi, mradi ajaze fomu ya kurasa kumi na nne. Wanataka kujua habari za meno yangu, hedhi yangu, na nani kwetu aliwahi kurukwa na akili. Nimejaza yote. Kwenye kisanduku cha mama nimeandika: yu hai, ana presha na maumivu ya miguu, basi.

Nina haraka nayo kwa jambo moja, na usishtuke. Nina kivimbe kwenye titi, kidogo tu, kama punje ya njegere. Wiki iliyopita nilikwenda kliniki ya bure. Nesi akakibonyeza, akaniuliza kama mama yangu amewahi kuugua ugonjwa wa matiti, nikamwambia hapana, ana presha tu. Akasema kwa umri wangu mara nyingi huwa si kitu, nisubiri bima itoke ndipo nipigwe picha ya titi. Kwa hiyo nasubiri.

Msalimie mdogo wangu, mwambie nguo yake ya maulidi ya harusi nitaishona mimi, asimpe mshonaji mwingine.

Mwanao,
Chiriku


17 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua imefika, nami sijambo, ila huyo bwana wako wa sikio amenifanya niache chai ikiwa nusu kikombe. Watu wa ofisi ni wachafu kila mahali, lakini wa huko naona wamesomea.

Mdogo wako hajambo, kichwa chake hakipo. Yule mwenye duka la vipuri ametuma wazee wake, nao wameonyesha kwamba mwezi wa sita wataleta posa. Ni watu wa heshima, wanauliza kila kitu, mpaka paka wetu wamemuuliza ametoka wapi.

Hicho kivimbe, una uhakika si kipele cha joto? Usikibonyeze hovyo. Ulisema titi, hukusema lipi.

Fomu umeijaza sawasawa. Mama yako ni mimi, na mimi niko hai. Usiibadilishe hata wakikubembeleza.

Mimi mama yako


15 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo na wote nyumbani hawajambo. Mimi kivimbe kimeongezeka kidogo, ni cha kushoto kwa kuwa umeuliza. Ila leo sikuandikii habari ya kivimbe.

Fomu imerudi. Wamelinganisha na faili la ukaazi, lenye cheti changu cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha yule aliyenizaa, kisichotaja ugonjwa. Karani wa bima ameniita. Akaweka karatasi mbili mezani, huku ameshaziwekea alama ya duara ya mate, maana anafungua kurasa kwa kulamba kidole. Akaniambia, "Huku mama amekufa. Huku mama yu hai ana presha. Una mama wangapi?"

Nikamwambia wawili. Akamwita mwenzake aje asikie, wakacheka. Nikamweleza taratibu: aliyenizaa alifariki nikiwa na miaka sita, na dada yake mkubwa akatulea mimi na mdogo wangu, huyo ndiye mama. Akasema, "Huyo si mama, huyo ni shangazi." Mama, nilihisi kama amekutemea. Nikamwambia shangazi ni dada wa baba, mama mkubwa ni mama. Kwa lugha yao wote hao wana neno moja, basi wanadhani na sisi tumechanganyikiwa. Akaandika pembeni ya fomu neno "udanganyifu" na alama ya kuuliza. Mwenye kudanganya kuhusu mama, akasema, atashindwaje kudanganya kuhusu ndoa?

Nimetoka pale bila kuaga. Sina hamu hata ya kumtazama mtu aliyeshika karatasi.

Wamenipa hadi tarehe thelathini na moja Mei niandike upya, na lazima nitaje mama mzazi alikufa kwa ugonjwa gani. Wasiporidhika hakuna bima, na bila bima hakuna picha. Mimi najua tu mlichotuambia, kwamba aliugua homa ghafla. Homa gani? Niandikie jina lake la kidaktari, wao hawakubali homa tupu.

Mwanao,
Chiriku


12 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nimepiga simu mara sita. Jirani ndiye anapokea, anasema umelala. Saa nne asubuhi, Mama, wewe ambaye saa kumi na mbili umeshafua. Nani anakufundisha kulala uzeeni?

Zimebaki siku kumi na tisa. Kama hujui alikufa kwa nini, sema hujui. Kama unajua, nataka kujua kwa nini unajificha kwa jirani.

Chiriku


14 Mei

Mwanangu,

Salamu zangu nyingi kwako na kwa mkwe wangu. Najua umepiga simu. Nilikuwa nimekaa pembeni yake nikimwonyesha jirani kwa mkono aseme nimelala.

Mdogo wangu aliyewazaa hakufa kwa homa. Alikufa kwa titi.

Lilianza kama lako. Alilificha karibu mwaka mzima chini ya nguo, na lilipopasuka nyumba yote ilinuka. Watu walikuwa wanasimama mlangoni, wanatupa pole, wanaondoka. Wewe na mdogo wako tuliwapeleka kwa bibi yenu, ndiyo maana huna unachokumbuka. Mimi nilibaki namlisha uji huku nimegeuza uso, na yeye alikuwa ananiona. Siku moja akaniambia, "Dada, weka kijiko hapo, nitakula mwenyewe." Mkono wake haukuwa unanyanyuka. Nilikiweka kijiko nikatoka nje, nikakaa huko mpaka uji ukapoa.

Alipokwisha kuzikwa wazee wakasema hili likijulikana hakuna atakayewaoa nyie mabinti. Tukakubaliana homa. Wazee wa fundi walipokuja kuuliza kwetu kuna ugonjwa gani, niliwatazama machoni nikawaambia hakuna. Ulikuwa chumba cha pili unacheka na wenzako, nami nikajiona nimefanya kazi njema. Leo nikijitazama nasikia kinyaa, na hakioshwi na sabuni.

Sasa sikiliza. Kwenye fomu andika homa ya manjano, ina jina la kidaktari. Wakupe bima, upigwe picha, mengine tutayajua mbele. Nimewadanganya ndugu zangu miaka yote hii, sembuse hao wanaolamba vidole.

Na mdogo wako usimwambie. Posa inakuja mwezi ujao.

Mama yako


9 Juni

Mama,

Shikamoo. Habari za afya yangu utazisoma chini.

Barua yako imefika tarehe ishirini na nne. Nimeisoma nimesimama jikoni, kisha nikamsomea fundi. Nilidhani atasema ameozeshwa mgonjwa. Akasema, "Vaa viatu."

Tukaenda kliniki. Nesi alikuwa yuleyule. Nikamwambia mama yangu alikufa kwa ugonjwa wa matiti. Akafungua daftari lake akanionyesha: hapa ulisema ana presha tu. Nikamwambia huyo ni mwingine. Akaketi. Akasema mtu ambaye mama yake alikufa hivyo hawamwambii asubiri bima. Wana barua ya kumpeleka hospitali kuu siku hiyohiyo, na picha inapigwa bure, awe na ukaazi asiwe nao. Ilikuwepo tangu mwanzo. Miezi mitatu nimekaa nyumbani nikisubiri karatasi ambayo sikuihitaji, kwa kuwa niliulizwa habari za mama nikakutaja wewe.

Fomu nayo nimejaza ukweli, sikuandika homa ya manjano. Watu hao kukujibu salamu huwachukua mwezi, lakini kunikataa wametumia siku nne. Sababu ni ugonjwa wa ukoo. Kumbe walikuwa wanautaka ukweli ili wanifukuze nao. Karani amenipa pole huku anatafuna biskuti, na kipande kimerukia kwenye barua yangu. Nimeiacha palepale mezani.

Picha na vipimo vimeonyesha kwamba ni saratani yenyewe. Kwa barua ya kliniki hospitali kuu wamekubali kunipasua, Jumatatu ya tarehe kumi na tano. Daktari amesema ningefika Machi wangetoa kivimbe tu. Sasa wanatoa titi lote. Anasema bado nina nafasi nzuri, na fundi anarudia maneno hayo kila anapopita mlangoni.

Mama, nimekukasirikia mpaka nashindwa kula. Hilo la kijiko nimekuelewa, ungeniambia nikiwa mkubwa ningelia na wewe. Lakini nilikuandikia nina kivimbe, ukajua ni nini, ukaniambia kipele cha joto. Kisha ukaona bora nidanganye tena. Ulikuwa unalinda jina la nyumba, mimi nikiwa ndani yake naoza.

Mdogo wangu ametoka tumbo lilelile. Mwambie kabla ya posa, kisha mpeleke akapimwe. Usipomwambia, nikiamka kitandani barua ya kwanza nitaandika kwake.

Mtoto wa mdogo wako


23 Juni

Mwanangu,

Jumatatu yako imepita na sijui nakuandikia ukiwa katika hali gani. Simu ya mkwe wangu inaita tu. Kama ni wewe mkwe unayesoma hii, mwanangu, naomba umsomee mkeo, na kama hataki kusikia usimlazimishe.

Sikuweza kumwambia mdogo wako tukiwa wawili. Nilijaribu tukichambua mchele, nikajaribu akisuka nywele, nikaishia kumshikia kitana. Wakaja wageni wa posa wakakaa sebuleni. Mzee wao akauliza lile swali lao, kwenu kuna ugonjwa gani. Nikasema mama mzazi wa hawa mabinti alikufa kwa saratani ya titi, nami nilificha, na dada mkubwa wa binti huyu mnayemposa sasa hivi yuko hospitali kwa sababu nilificha. Walikuwa wameshika vikombe, wakaviweka chini. Wakasema watatafakari. Sinia ya posa waliyokuja nayo waliondoka nayo.

Mdogo wako hakulia. Alikusanya vikombe akavipeleka jikoni, akavaa viatu, akanisubiri barazani. Tukaenda hospitali. Wamempiga picha, hana kitu, wamesema awe anarudi kila mwaka. Mwenye duka la vipuri alikuja jana peke yake, wameongea nje karibu saa nzima, na mimi sikuambiwa neno.

Kabla ya picha karani wa hospitali alitaka kuandika nani amemleta mgonjwa. Akaniuliza wewe ni nani wake. Nikasema mama. Mdogo wako akaniangalia, halafu akamwambia yule karani, "Andika mama mkubwa." Akaandika, nami nikatia saini mbele ya neno hilo.

Hii barua imefika mwisho na sijui niandike nani hapa chini. Nijibu, hata mstari mmoja, uniambie umetoka salama.