Nafuga Viwavi, Ndugu Zangu Wanangoja Nirithishe Uchawi

Mpendwa Bi. Kulsumu,

Nisaidie mawazo, mwanangu, maana daktari ameacha kunizungumzia habari za mwakani nami nimeacha kumuuliza. Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, mgane, naishi Malangali hapa Sumbawanga, natunzwa na binti yangu Bertilla, na tangu nistaafu starehe yangu ni moja tu, nondo na viwavi. Wenzangu walistaafia kilabuni, mimi natundika shuka jeupe uani na taa mbele yake, naenda kulala, na alfajiri nakuta nondo wametulia juu ya shuka kama waumini wa misa ya kwanza, nawapiga picha, nalinganisha na kitabu mpaka nijue majina yao, na viwavi ninaowaokota nawaweka kwenye chupa za jamu, nawalisha majani yale yale niliyowakuta wakila, nangoja nione atatoka nondo gani.

Sasa fikiria: Sumbawanga, mzee mgane, shuka jeupe, taa inayokesha. Nadhani barua hii umeshaimaliza bila mimi.

Waliponiita mchawi sikukanusha. Uvumi ulinifaa, mbuzi wa watu hawakuingia tena kwenye ulezi wangu, vijana waliokuwa wakikatiza uani walianza kuzunguka, na shikamoo ambazo sikuzipata miaka yote ya kufundisha zikawa zinanijia tangu mbali.

Halafu viwavijeshi wakaingia kwenye mahindi. Shamba langu lilipona, kwa sababu mayai yao nayajua, nikiyaona yamerundikana chini ya jani nayaponda. La jirani yangu Flavian, ng'ambo ya tuta moja tu, likaliwa. Akaja na kuku. Alikaa ukingoni mwa kiti akasema hajaja kwa ubaya, ila kama ipo namna ya kuwaita viwavi wangu warudi chupani, basi niwaite. Nilitaka kumweleza kitaalamu, lakini nikakumbuka kwamba bwana shamba alishaeleza yote mkutanoni naye Flavian akasinzia, basi nikakaza uso nikamwambia aende shambani kila alfajiri, asisalimiane na mtu njiani, ageuze jani moja moja, aponde mayai kwa kidole gumba cha kushoto na kutia majivu katikati ya majani machanga. Kidole cha kushoto nilikiongeza mwenyewe. Mahindi yakapona, kuku tukamla, na msimu huu mtaa mzima unaamka alfajiri kuponda mayai kwa kidole gumba cha kushoto, kimya, bila kusalimiana.

Kilichonifanya niandike ni jambo la Jumapili iliyopita. Dada yangu Monika alikuja na ndugu kunitazama. Unajua wanavyosema, mchawi hakati roho mpaka apatikane wa kupokea mikoba yake, na anayepokea kitu mkononi mwake siku za mwisho ndiye mrithi. Mimi nilijisahau. Kuna kiwavi mmoja wa kijani ambaye sijampata kitabuni, amejifungia ndani ya jani, nondo wake hajatoka na sidhani kama nitamwahi, basi nikamnyooshea Bertilla ile chupa pamoja na kamera, nikamwambia amtazame kwa niaba yangu. Monika akaupiga mkono wa binti yangu.

"Usipokee," alisema. "Chochote anachokupa sasa, usipokee."

Bertilla ndiye huniogesha. Ndiye niliyekuwa nikikagua naye shuka asubuhi, akiwacheka nondo wenye macho ya uongo kwenye mabawa. Nilidhani atamcheka shangazi yake pia. Aliuficha mkono nyuma. Tangu siku hiyo uji anauweka kwenye kigoda, anarudi nyuma, ndipo nami nauchukua, na kikombe hakigusi mpaka nikiweke chini.

Nikisema ukweli kwamba kuna nondo tu, wataacha kuponda mayai na mahindi yataliwa. Nikinyamaza, nakufa mchawi, na mwanangu ataitwa mrithi hata kama hakupokea kitu. Nilijaribu kumnong'oneza Flavian kwamba mimi si mchawi. Akaniitikia kwa heshima kubwa, "Ndiyo, babu. Hata sisi mbele za watu tunasema hivyo hivyo."

Nifanye nini?

Mfuga viwavi, Malangali

*

Shikamoo, mwalimu. Naitanguliza kwa sababu huko mbele adabu inaweza kuniishia.

Pole kwa maradhi, na pole zaidi kwa uji wa kigodani. Hapo niliiweka barua chini kwanza. Lakini usijifanye umeonewa. Uliletewa sifa ya uchawi bure ukaipokea kwa mikono miwili, ukazuia nayo mbuzi, ukalia nayo ubwabwa na kuku. Ulipokuwa unamkazia uso Flavian sebuleni, nani alikuwa jikoni anasikia? Umefundisha watu wengi, mzee wangu, na aliyekuelewa kuliko wote ni Bertilla.

Habari ya mahindi, acha kujipa ukubwa. Flavian ameshavuna, na mtu aliyeona gunia lake limejaa hatarudi kulala kwa sababu mganga wake kumbe ni mwalimu. Kidole cha kushoto waachie, hakina madhara. Ila warudishie salamu zao. Haiwezekani mtaa mzima upishane alfajiri kama watu waliogombana, kisa wewe.

Na usimnong'oneze mtu tena. Mchawi ndiye hunong'ona. Jumapili hii, mchana wa jua kali, waite Flavian, Monika na majirani. Shuka alitundike Flavian mwenyewe. Chupa zote zitoke nje. Kisha useme kwa sauti ya darasani kwamba kuku ulimla kwa uongo, na kwamba dawa ilikuwa ya bwana shamba, wewe uliongeza kidole. Watakucheka. Shikamoo zitapungua na mbuzi watarudi kwenye ulezi. Ndiyo bei yake, na wewe una haja gani tena na ulezi? Wakimaliza kucheka, kila nyumba ichukue chupa moja ikatazame yenyewe atatoka nani. Mikoba ikigawiwa mtaa mzima inabaki kuwa chupa za jamu.

Ile ya kiwavi wa kijani usimgawie mtu. Iweke dirishani, pale Bertilla anapopita. Na kamera usimnyooshee tena. Mara ya kwanza hukumuuliza kama anaitaka, ulimshtukiza mbele ya shangazi yake na ndugu, halafu unaandika gazetini kwamba alificha mkono.

Badala yake, siku hiyo hiyo ya Jumapili, tafuta kiwavi asiye na manyoya, mpandishe kwenye kiganja chako, wote waone kwamba anatekenya tu. Atatembea mpaka ncha ya kidole. Wewe unamjua kuliko mimi: akifika hapo huinua kichwa, akapapasa hewani akitafuta pa kuvukia. Usimwite Bertilla. Usimtazame. Shikilia mkono hapo hapo, wazi, bila kuutetemesha, kadiri utakavyoweza.

Bi. Kulsumu