Alama ya Kuuliza Mbele ya Riziki

Jumatatu, 3 Machi
Ofisini moto. Kamusi inakwenda mitamboni wiki hii, na sehemu yangu, asili ya maneno, ndiyo inayosubiriwa. Yote yamepita isipokuwa maneno manne ya Kiingereza: risk, hazard, average, mask. Nimeyawekea alama ya kuuliza. Kwetu maana yake ni: huenda limetoka Kiarabu, huenda sivyo, hatuna uhakika. Sugar, coffee, algebra – hayo hayana kesi. Mkurugenzi kanifuata mpaka mezani, anataka alama zifutwe. Ati msomaji hanunui kamusi ili aambiwe hatujui. Nikamkumbusha kanuni yetu: anayetia sahihi kwenye asili ya neno ndiye atakayelijibia. Sahihi ni yangu. Akacheka, akaniambia nikamwulize baba mkwe wangu.

Alijua anagusa wapi!

Jumanne, 4 Machi
Baba mkwe – mji mzima unamwita Mwalimu – amejijengea jina juu ya maneno hayo manne. Darasani, kwenye mihadhara, sasa redioni kila Jumamosi asubuhi. Hasa risk. Kwake limetoka kwenye rizq ya Kiarabu, riziki yetu hii hii: mtu anatoka kutafuta, hajui atarudi na nini. Akilieleza mwili unasisimka. Nami nililipenda, na bado nalipenda. Tatizo ni ushahidi. Wapo wataalamu wanaokubaliana naye. Wapo wanaosema hapana, ni neno la mabaharia wa Ulaya, la miamba inayopasua meli. Hakuna aliyeonyesha njia nzima bila pengo.

Na aliyenifundisha kutafuta pengo ni yeye! Nilikuwa mwanafunzi wake kabla sijawa mkwe wake. Ukimletea asili tamu ya neno alikuuliza: imeandikwa wapi, na nani, kabla ya nani?

Leo mezani kaniuliza kamusi imefikia wapi. Nikasema inaendelea. Nikamwongezea chai.

Alhamisi, 6 Machi
Amejua. Mkurugenzi kampigia simu. Nimerudi kutoka kazini nikamkuta sebuleni, televisheni imezimwa. Shikamoo, marahaba. Ofisini nabishana na maprofesa bila kutetereka. Pale nilisimama na mkoba begani kama mgeni aliyekosea nyumba. Akataka nimweleze. Nikaeleza yote manne, pengo kwa pengo. Hakunikatiza hata mara moja. Mwisho akasema:

“Humu ndani nipinge mpaka nikasirike, mwanangu. Nje usinivue nguo.”

Akaingia chumbani. Chakula hakukigusa. Nampenda mzee huyu, ndiyo maana inauma.

Mume wangu anasema ni alama nne tu za wino, nimwachie baba yake. Tumenuniana.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa juu ya balaa. Profesa aliyealikwa redioni kesho pamoja na Mwalimu ana homa, na Mkurugenzi amenitaja mimi. Laivu! Mada: maneno ambayo Kiingereza kilikopa kutoka Kiarabu. Nikakataa. Akasema basi Jumatatu nisihangaike kuja kazini. Alisema akitabasamu, lakini macho hayakutabasamu.

Kurasa nimezitia sahihi asubuhi, alama zote nne zimo. Zimeshakwenda mitamboni.

Mume wangu nimemwomba jambo moja tu: amwambie baba yake kwamba sijabadilika, kurasa zimekwenda, na kesho tusiyaguse hayo manne. Mimi mwenyewe mdomo haufunguki. Amekubali. Amekaa na mzee chumbani kwa kitambo, mara nikasikia mzee anacheka. Kucheka! Sijui ameambiwa nini, lakini nimeshusha pumzi.

Jumamosi, 8 Machi
Studio. Naandikia magotini. Taarifa ya habari inasomwa chumba cha pili, ikiisha tunarudi hewani.

Asubuhi mzee alikuwa mchangamfu, hata mkoba wangu kaubeba yeye. Nikajua yamekwisha. Kipindi kilianza vizuri – sugar, coffee, magazine na maghala yake. Tukapokezana kama zamani darasani, nikasahau hata hofu. Ndipo mtangazaji akamwuliza juu ya wanaompinga kuhusu risk. Mzee akaisogelea maikrofoni.

“Mmoja wao ni huyu hapa, mkwe wangu. Ametafuta upya, ameridhika, na alama amezifuta. Mtajionea kwenye kamusi.”

Nilimtazama. Hatanii. Hanitegi. Anaamini!

Kumbe ndicho alichoambiwa jana. Mume wangu katafuta amani ya jioni moja, basi. Nimemtumia ujumbe. Kajibu nimsamehe, nikubali tu leo, tutayamaliza nyumbani. Tutayamaliza vipi? Kamusi inachapwa sasa hivi. Kila aliyewahi kusoma kwake ataufungua ukurasa huo. Nikikana leo, nimemvua nguo mbele ya mji mzima. Nikikubali, atavuliwa siku kamusi itakapotoka, na sahihi chini ni yangu, na juu ya hayo nitakuwa mwongo. Nimekasirika mpaka machozi yananilenga, na hapa si pahali pa kulia.

Mtangazaji kapita kuniambia swali la kwanza ni langu: ushahidi gani ulionibadilisha.

Nimemshika mzee mkono avue hedifoni nimweleze. Akadhani naogopa. Kanipigapiga mkono, kanisogezea glasi yake ya maji.

Nimemwita tena. Baba. Anaonyesha kidole kwenye hedifoni, hasikii.

Wamefika kwenye hali ya hewa. Ananiwekea maikrofoni vizuri, ikae sawa na mdomo wangu. Anatamka bila sauti, kama alivyokuwa akinifanyia darasani: sema usikike.